Maswali ya wasomaji: toleo lijalo la fremuweki ya wavuti liundweje?

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji wanaojenga programu za wavuti. Mara hii tumekusanya barua zinazohusu usanifu wa toleo lijalo la fremuweki, yaani ule msingi wa msimbo unaopokea maombi kutoka kwenye kivinjari, kuyaelekeza panapohusika, kuzungumza na hifadhidata na kurudisha ukurasa au data. Majina ya walioandika hatuyachapishi. Barua ndefu tumezifupisha bila kugusa maana yake.

Swali: *Ndugu mhariri, mimi na wenzangu tunatunza fremuweki huria ambayo toleo lake la pili limekaa muda mrefu. Msimbo wa ndani umejaa viraka, na kila kipengele kipya kinatutoa jasho. Wenzangu wanataka toleo la tatu liandikwe upya toka mwanzo, bila kufungwa na maamuzi ya zamani. Mimi nasita, lakini sijapata hoja ya kuwashawishi. Tufanyeje?*

Jibu: Kusita kwako kuna msingi, na hoja unayoitafuta imo katika historia ya fremuweki zenyewe. Mwaka 2014 timu ya Angular, fremuweki ya upande wa kivinjari, ilitangaza kwamba toleo la pili lingekuwa kitu kipya, lenye sintaksia nyingine ya violezo (faili zinazotoa umbo la ukurasa) na namna nyingine ya kupanga vipengele, na toleo hilo likatoka Septemba 2016. Maamuzi mengi ya kiufundi yalikuwa mazuri. Hata hivyo, programu iliyokwisha kuandikwa kwa AngularJS, yaani toleo la kwanza, haikuweza kusasishwa kwa maana ya kawaida. Ama iliandikwa upya, ama iliendeshwa bega kwa bega na toleo jipya kupitia daraja maalumu lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Sasa jiweke katika nafasi ya mwenye programu hiyo. Ikiwa ni lazima aandike upya kila kitu, hana sababu ya pekee ya kubaki na fremuweki ileile, kwa kuwa gharama ya kuhamia nyingine imekuwa karibu sawa na gharama ya kubaki. Msaada rasmi kwa AngularJS ulikoma mwishoni mwa mwaka 2021, zaidi ya miaka mitano baada ya mrithi wake kutoka, na katika muda wote huo matoleo mawili yasiyoelewana yalihitaji kutunzwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Symfony, fremuweki ya PHP. Tarehe 30 Novemba 2017 yalitoka matoleo mawili kwa pamoja, 3.4 na 4.0, na vipengele vyake vilikuwa vilevile. Tofauti ni kwamba 3.4 ilibaki na njia zote za zamani, zikitoa maonyo kila zinapotumika, ilhali katika 4.0 njia hizo zilikuwa zimeondolewa. Aliyetaka kuhamia alipanda kwanza hadi 3.4, jambo ambalo halikuvunja chochote, akayamaliza maonyo moja baada ya jingine kwa kasi yake mwenyewe huku programu ikiendelea kuhudumia watu, na siku maonyo yalipokwisha alivuka. Ember, fremuweki ya JavaScript, ilikuwa imekwisha kupita njia kama hiyo mwaka 2015, kwani toleo lake la 2.0 kwa sehemu kubwa lilikuwa 1.13 iliyoondolewa mambo yaliyopitwa na wakati. Kwa utaratibu huu toleo kubwa huwa ni siku ya kufagia. Mambo mapya hutangulia kuja katika matoleo madogo, ambako watu wana nafasi ya kuyajaribu bila kulazimishwa.

Kwa hiyo waambie wenzako kwamba kuandika upya sehemu za ndani kunaruhusiwa, tena mara nyingi kunahitajika, mradi kuwe na mpaka unaojulikana kati ya ndani na nje. Hapa ndipo kazi ilipo. Kabla hamjagusa mstari mmoja wa toleo la tatu, orodhesheni kila funksheni, kila darasa na kila mpangilio ambao mtumiaji ana haki ya kuutegemea, kisha viandikieni majaribio. Kisichomo katika orodha hiyo ni mali yenu na mnaweza kukivunja. Timu za Rails na Merb, fremuweki mbili za lugha ya Ruby, zilipotangaza mwishoni mwa mwaka 2008 kwamba zinaungana, moja ya shabaha zao ilikuwa hiyo hiyo ya kuweka bayana API, yaani njia rasmi za kuitumia fremuweki, ambayo watunzi wa programu-jalizi wangeweza kuitegemea, na Rails 3 ilipotoka mwaka 2010 sehemu kubwa ya matumbo yake ilikuwa imepangwa upya. Fremuweki isiyo na mpaka huo hujikuta kila kitu chake kimegeuka kuwa cha umma, kwa sababu mtumiaji akikosa mlango ataingilia dirishani, na dirisha hilo litaota mizizi katika programu za watu ambazo hamtaziona kamwe.

Nitakaa kidogo kwenye maonyo, kwa kuwa ndiyo sehemu inayofanywa kwa uvivu zaidi. Onyo linalosema tu kwamba funksheni fulani itaondolewa humwachia mtumiaji kazi yote. Linalofaa hutaja mambo matatu: kitu cha kutumia badala yake, toleo ambalo cha zamani kitaondolewa, na mstari hasa wa msimbo wa mtumiaji unaohusika. Hilo la tatu ndilo husahauliwa. Kwa mfano, katika Python funksheni ya `warnings.warn` ina kigezo kiitwacho `stacklevel`, ambacho kisipotajwa huwa 1, na matokeo yake ni kwamba onyo huelekeza kwenye mstari ulio ndani ya fremuweki yenyewe, mahali ambapo mtumiaji hana la kufanya. Kikiwekwa 2, onyo huelekeza kwa aliyeiita. Badiliko la tarakimu moja humwokolea mtu mchana mzima wa kutafuta. Zaidi ya hapo, Python huficha maonyo ya aina ya `DeprecationWarning` isipokuwa yanapotokea katika faili kuu inayoendeshwa, hivyo mwongozo wenu uwaelekeze watumiaji kuyageuza kuwa makosa wanapoendesha majaribio, la sivyo wengi hawatayaona mpaka siku ya kuvuka.

Na pale ambapo badiliko ni la kimakanika, kama vile kubadilisha jina au mpangilio wa vigezo, msimwachie mtu. Andikeni programu ndogo ya kuurekebisha msimbo wake. Angular wenyewe, baada ya yote yaliyopita, walijenga amri ya `ng update` mwaka 2018 ili hatua kama hizo zifanyike zenyewe, nami naiona kuwa moja ya hatua zilizofaa zaidi katika maisha ya fremuweki hiyo.

Swali: *Tunasanifu upya fremuweki ya Python inayotumika ndani ya taasisi yetu. Baadhi yetu wanasema toleo jipya liwe la asinkroni, yaani liendelee na maombi mengine huku moja likisubiri, mwanzo hadi mwisho, wengine wanaona ni mtindo wa kupita. Ukweli uko wapi?*

Jibu: Inategemea programu zenu hutumia muda wake kusubiri nini, na hilo mnaweza kulipima kabla ya kubishana.

Chukua seva yenye michakato 8, kila mmoja ukishughulikia ombi moja kwa wakati. Kama kila ombi linasubiri sekunde 2 ili huduma ya nje ijibu, seva hiyo haiwezi kumaliza zaidi ya maombi 4 kwa sekunde, hata kama prosesa yake haina kazi yoyote ya maana. Hapo asinkroni ni tiba ya kweli, kwa sababu mchakato mmoja unaweza kushikilia mamia ya maombi yanayosubiri bila kuyazibia njia mengine. Lakini ikiwa mnachosubiri ni hifadhidata, hesabu hubadilika. PostgreSQL isiporekebishwa hukubali miunganisho 100 tu. Ukiachilia maombi elfu moja kwa pamoja, foleni haitatoweka, itahama kutoka mlangoni mwa seva hadi mlangoni mwa hifadhidata, ambako ni vigumu zaidi kuiona na kuidhibiti. Kwa hiyo fremuweki ya asinkroni isiyokuja na dimbwi la miunganisho lenye kikomo, yaani akiba ya miunganisho inayotumiwa kwa zamu, pamoja na muda wa juu wa kusubiri, ni kazi nusu.

Kuna gharama nyingine ambayo watu huigundua wakiwa wamekwisha kuingia. Funksheni ya asinkroni husubiriwa kwa `await` ndani ya funksheni nyingine ya asinkroni tu, hivyo uamuzi uliofanywa chini kabisa, kwenye maktaba ya hifadhidata, hupanda ngazi kwa ngazi mpaka juu. Nayo maktaba moja ya zamani inayoziba, yaani inayosubiri bila kuachia zamu, ikiitwa katikati ya mzunguko unaogawia maombi zamu, husimamisha maombi yote ya mchakato huo, hata yale yasiyoihusu. Watunzaji wa Django, fremuweki ya Python, waliliendea jambo hili polepole kwa makusudi: toleo la 3.0 la Desemba 2019 lilileta uwezo wa kuendeshwa kwenye seva za asinkroni, 3.1 la mwaka 2020 likaruhusu funksheni za asinkroni za kushughulikia maombi, na 4.1 la mwaka 2022 likaongeza njia za asinkroni za kuulizia hifadhidata, zenye herufi a mwanzoni, kama `aget` na `acreate`. Wapo waliolalamika kwamba ni kobe. Mimi naona walifanya sawa, kwa kuwa katika safari hiyo msimbo wa kawaida uliendelea kufanya kazi. Na walipanda alama njiani: msimbo wa asinkroni ukijaribu kuita njia ya kawaida ya hifadhidata, Django hutoa kosa liitwalo `SynchronousOnlyOperation` papo hapo, badala ya kuacha mchakato uzibe kimyakimya.

Ushauri wangu kwenu ni kiini kiwe cha asinkroni, lakini mtumiaji aandike aina yoyote anayohitaji, na fremuweki ipeleke funksheni za kawaida kwenye nyuzi za pembeni (njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba) zenye idadi inayojulikana.

Jambo moja la kutolegeza ni makosa. Kosa lolote, liwe limetoka katika funksheni ya kawaida au ya asinkroni, lifike mahali pamoja. Express 4 ya mwaka 2014, fremuweki ya JavaScript ya upande wa seva, ilitoka kabla JavaScript haijapata `async` na `await`. Mambo hayo yalipokuja, kosa lililotokea ndani ya funksheni ya asinkroni halikufika kwa mshughulikiaji wa makosa wa Express. Kivinjari kilibaki kikisubiri jibu lisilokuja, na katika matoleo ya karibuni zaidi ya Node, programu inayoendesha JavaScript kwenye seva, mchakato mzima uliweza kuanguka. Watu waliziba pengo hilo kwa kifuniko walichokivisha kila njia, na aliyesahau kifuniko kwenye njia moja alikuja kujua wakati programu ikiwa kazini. Express 5, iliyotoka mwaka 2024, inayapokea makosa hayo yenyewe. Mnaosanifu sasa hamna sababu ya kurudia ngoja hiyo ya miaka kumi.

Swali: *Kurasa za programu yetu zilikuwa nyepesi tulipokuwa tukijenga, lakini zimekuwa nzito baada ya kuanza kutumika. Nimeambiwa kosa ni la sehemu ya fremuweki inayotafsiri vitu vya programu kuwa maulizo ya hifadhidata. Je, toleo jipya la fremuweki linaweza kulizuia hili, au ni jukumu letu tunaoitumia?*

Jibu: Linaweza, na kwa maoni yangu linapaswa.

Ugonjwa unaoueleza una sura inayojulikana. Ukurasa unaonyesha makala 50, na kando ya kila makala kuna jina la mwandishi. Msimbo unaomba makala zote kwa ulizo moja, kisha ndani ya kiolezo, kila unapoandika jina la mwandishi, fremuweki kwa ukarimu wake inakwenda kumtafuta mwandishi huyo. Jumla ni maulizo 51. Kwenye mashine ya msanidi, hifadhidata iko palepale na ina safu chache, basi hakuna anayehisi kitu. Ikihamishiwa seva nyingine, hata kama kila ulizo linachukua milisekunde 2 tu kwenda na kurudi, ukurasa umekwisha kupoteza milisekunde 102 kabla haujafanya kazi yoyote, na makala zikiwa 500 tatizo linakua mara kumi. Kinachouma ni kwamba mstari uliosababisha yote haya ni jina la sifa na nukta, mstari usio na dalili yoyote ya kwamba kuna safari nyuma yake.

Dawa ipo tangu zamani: kuiambia ile sehemu inayotafsiri ilete waandishi pamoja na makala, kwa `select_related` au `prefetch_related` katika Django, na kwa njia zinazofanana nazo kwingine. Kasoro ni kwamba dawa hiyo huhitaji mtu akumbuke, na usanifu unaotegemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka si usanifu wa kutegemewa. Rails 6.1 ya mwaka 2020 iliongeza `strict_loading`, ambayo ikiwashwa hukataa kuleta kitu kinyemela na kutoa kosa. Laravel, fremuweki ya PHP, nayo ina `preventLazyLoading` kwa kazi hiyohiyo. Katika zote mbili ulinzi huo ni wa hiari. Kama ningesanifu toleo jipya leo, ningeugeuza uwe wa kawaida: wakati wa kujenga na wa majaribio, kuleta kinyemela ni kosa linalotaja faili na mstari, programu ikiwa kazini, ukurasa usivunjike, ila tukio liandikwe kwenye logi. Anayetaka tabia ya zamani aitamke. Wasanidi wapya watanung'unika siku ya kwanza watakapokutana na kosa hilo, lakini watakuwa wamelipata wakiwa bado wanaukumbuka msimbo walioandika asubuhi.

Swali: *Je, si vyema fremuweki iwe nyepesi na masuala ya usalama yaachiwe wanaoitumia, kwa kuwa kila programu ina mahitaji yake?*

Jibu: Sikubaliani nawe. Mahitaji hutofautiana, lakini chaguo-msingi huamua hatima ya programu nyingi kuliko mwongozo wowote, kwa sababu wengi hawabadilishi kile walichokikuta.

Tazama jinsi violezo vilivyobadilika. Kulikuwa na wakati ambapo maandishi ya mtumiaji yaliingizwa kwenye ukurasa kama yalivyo, na msanidi alitakiwa kukumbuka kuyasafisha kila mahali. Alipopitiwa mara moja, mgeni aliweza kupandikiza JavaScript yake kwenye kurasa za wengine. Django 1.0 ya mwaka 2008 na Rails 3 ya mwaka 2010 ziligeuza kanuni: maandishi husafishwa yenyewe, na anayetaka yasisafishwe ndiye anayesema hivyo, kwa alama inayoonekana na inayoweza kutafutwa katika msimbo. Kundi zima la makosa lilipungua nguvu bila mtu kuhitaji kuwa mwangalifu zaidi ya jana.

Upande wa pili wa funzo hilo ulionekana Machi 2012. Rails wakati huo iliruhusu data yote ya fomu imiminwe ndani ya kitu cha hifadhidata, isipokuwa msanidi awe ametaja sehemu zisizoguswa. GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo iliyojengwa kwa Rails, ilikuwa na fomu moja isiyolindwa, na mtu mmoja akaitumia kuuingiza ufunguo wake wa kuingilia kwenye akaunti ya mradi wa Rails wenyewe, akiwa amekwisha kujaribu kuwashawishi watunzaji kwamba chaguo-msingi hilo lilikuwa la hatari. Hao walikuwa wasanidi hodari, na bado waliteleza. Rails 4 ya mwaka 2013 ilihamisha ulinzi: sasa sehemu zinazoruhusiwa hutajwa moja moja pale ombi linapopokewa, na isiyotajwa haipiti.

Kuna pia usanifu unaoruhusu usalama uimarike bila kumsumbua mtu, na huu natamani uigwe zaidi. Django haihifadhi nywila yenyewe, bali huhifadhi mfuatano wa maandishi wenye sehemu nne zilizotengwa kwa alama ya dola: jina la algoriti, idadi ya mizunguko, chumvi, yaani herufi za nasibu zinazofanya nywila mbili zinazofanana zisitoe matokeo mamoja, na mwisho heshi, yaani matokeo ya kuichakata nywila kwa namna isiyoweza kurudishwa nyuma. Kwa kuwa mfuatano huo unajieleza wenyewe, toleo jipya linaweza kupandisha idadi ya mizunguko, au hata kubadilisha algoriti, huku nywila za zamani zikiendelea kutambulika. Mtumiaji anapoingia na nywila yake ikathibitishwa, fremuweki huona kwamba mfuatano wake ni wa kale na kuuandika upya kwa kipimo kipya palepale. Hakuna barua pepe ya kuwaomba watu wabadilishe nywila, wala usiku wa kuhamisha data. Aliyesanifu mfuatano ule alifikiria matoleo yatakayokuja baada yake, akaacha nafasi kwa ajili yake.

Swali: *Toleo jipya liamue pia zana za upande wa kivinjari, au libaki upande wa seva tu?*

Jibu: Liwe na njia moja iliyopendekezwa, lakini lisijifunge nayo. Rails 6 ya mwaka 2019 iliifanya Webpacker kuwa njia ya kawaida ya kufungasha JavaScript, yaani kuunganisha faili zake nyingi kuwa chache, na kufikia Rails 7 ya Desemba 2021 nafasi hiyo ilikuwa imechukuliwa na njia nyingine isiyohitaji kufungasha. Zana za kivinjari hubadilika haraka kuliko seva na hifadhidata, na fremuweki inayozishona ndani ya kiini chake italazimika kutoa toleo kubwa kila zinapobadilika. Ziwekeni kwenye kifurushi cha pembeni chenye namba zake za matoleo.

Swali: *Toleo litoke tarehe iliyopangwa au litakapokuwa tayari?*

Jibu: Tarehe iliyopangwa, na kipengele kisichokuwa tayari kingoje behewa lijalo. Symfony hutoa toleo dogo kila baada ya miezi sita, Mei na Novemba, na kubwa kila baada ya miaka miwili. Django hutoa takriban kila baada ya miezi minane, na kila baada ya miaka miwili moja la kutunzwa kwa miaka mitatu. Faida yake iko kwa mtu aliye mbali nanyi, ambaye lazima apange bajeti na watu wa kufanya uhamaji. Kumwambia kwamba toleo litatoka likiiva hakumsaidii kupanga. Tangazeni siku ya kutoka na siku ya kukoma kwa msaada kwa pamoja, siku ileile.

Swali: *Mimi bado ni mwanafunzi, lakini natumia fremuweki moja huria kila siku na nina wazo kuhusu namna ya kuelekeza njia za anwani katika toleo lake lijalo. Naogopa kudharauliwa. Niliandikeje pendekezo ili lisomwe?*

Jibu: Hadhi yako haitaulizwa ikiwa pendekezo limefanya kazi yake. Jamii nyingi za programu huria zina utaratibu wa maandishi kwa ajili hiyo, na Python imekuwa nao tangu mwaka 2000 kupitia hati zake za mapendekezo zinazopewa namba. Soma chache zilizokubaliwa, kisha usome zilizokataliwa, maana hizo hufundisha zaidi: sababu za kukataliwa zimeandikwa humo, na huenda wazo lako limewahi kupita hapo.

Anza na tatizo, usianze na suluhisho. Chukua programu halisi, hata kama ni yako ndogo, uonyeshe mistari ya sasa inayohusu njia za anwani na mahali inapoumiza: labda jina la njia limerudiwa katika faili tatu, au kosa la tahajia katika anwani halionekani mpaka mtu abofye kiungo. Halafu onyesha mistari hiyohiyo ingekuwaje. Msomaji aweze kulinganisha kwa macho kabla hujaanza kumweleza. Sehemu hiyo isizidi ukurasa mmoja.

Kinachofuata ndicho ambacho waleta mapendekezo wengi hukiruka, nacho ni namna programu zilizopo zitakavyohama. Je, njia za zamani na mpya zinaweza kuishi katika programu moja kwa wakati mmoja? Zikigongana, ipi itangulie? Onyo litasema nini, kwa maneno yenyewe hasa? Badiliko linaweza kufanywa na programu ya kurekebisha, au linahitaji uamuzi wa mtu katika kila mstari? Programu-jalizi zinazosoma orodha ya njia zitakuta nini? Ukishindwa kujibu moja ya haya, liandike kama swali lililo wazi na uombe maoni. Watunzaji huheshimu pengo lililotajwa kuliko lililofunikwa.

Eleza pia njia mbadala ulizozikataa na kwa nini, ikiwemo ile ya kutobadilisha chochote. Iandikie hiyo kwa haki, kama angeiandika mtu anayeipenda. Na kama una uwezo, lijenge wazo lako kwanza kama programu-jalizi juu ya toleo la sasa. Watu wakianza kuitumia utakuwa na ushahidi ambao hakuna hoja ya maneno inayoweza kuufikia. Ikishindikana kujengwa hivyo, umegundua ni mlango gani unaokosekana katika fremuweki, na huenda mlango huo ndio ungekuwa pendekezo lako la kwanza, dogo zaidi na rahisi zaidi kukubaliwa.